Moteri ya Zamani Ndani ya Jeep ya Padri

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu. Ilikuwa Jumapili, hapa Kashuga, watu wanatoka misa, na mimi nimesimama mbele ya jeep ya paroisse, parokia yetu, mikono myeusi kwa mafuta mpaka kwenye viwiko. Sikunawa makusudi. Nilitaka watu waione kazi.

Umekuja kuniuliza kama unaweza kuchukua moteri ya zamani ukaiweka ndani ya gari jipya la aina ileile. Wenzako wamekuambia huyu mzee alishaifanya kitambo. Ni kweli, niliifanya, nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Kaa basi nikueleze yote, maana jibu la ndiyo ao hapana halitakusaidia.

Jeep ile ilikuwa ya mtindo mpya, moteri yake ya kompyuta. Sasa mazutu yetu, dizeli ya huku, unayajua: yanauzwa kwa bidoni, yale madumu, na bidoni inapita mikono mingi, na mvua ya Masisi haibishi hodi. Maji yakaingia, moteri ikafa. Bwana wangu wa kazi, Papa Ndoole, alikuwa na jeep nyingine nyuma ya garaji, ya aina ileile lakini ya zamani, mwili umeliwa na kutu, moteri bado nzima. Moteri isiyojua kompyuta, inayokunywa chochote na kusonga. Papa Ndoole akasema tuitoe tuipandikize. Wazo lilikuwa zuri, na mpaka leo sioni kosa ndani yake.

Hapa sikiliza vizuri. Freni ya jeep, yaani breki, haishikwi na nguvu ya mguu peke yake. Iko pompa ndogo inayonyonya hewa, njo inausaidia mguu. Katika moteri mpya pompa ile ilifungwa kwenye moteri yenyewe. Katika ile ya zamani inakaa mgongoni mwa dinamo. Na pompa yetu ya zamani ilikuwa imekwisha, inatapika mafuta. Papa Ndoole akapanda pikipiki kwenda Goma kutafuta nyingine. Mbele ya kuondoka aliniambia:

"Gari isitoke. Moteri inapeleka mutu, lakini freni njo inamurudisha kwake. Uningojee."

"Ndiyo, Papa," nikajibu.

Barabara ikafungwa na vita. Juma la kwanza likapita, na la pili. Tulisikia bunduki nyuma ya vilima, na watu wapya wakafika na mizigo kichwani, wakajenga vibanda vya shiringi, yale maturubai ya msaada, hadi karibu na barabara. Padri alikuja kila siku kusimama mlangoni. "Wagonjwa wanalala chini kule Kalembe, wanangoja jeep hii iwapeleke hospitali," alisema. "Gari itatoka lini?" Hakunilazimisha, mwanangu, nisimsingizie. Ni mimi niliyeona kwamba Papa Ndoole hayupo, na kwamba jeep ikitoka, itatoka kwa jina langu.

Basi nikachukua dinamo ya moteri mpya, nikaifunga kwenye ile ya zamani. Waya zake zilikubali bila shida, lakini mgongoni haikuwa na pompa. Mpira wa freni ukabaki unaning'inia wazi. Nikauziba kwa buloni, boliti nene, nikakaza na waya, nikafunga kofia ya moteri. Nilipowasha, ilinguruma vizuri sana. Nikaiendesha tupu, kwenye tambarare ya soko, nikakanyaga freni. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, lakini gari ilisimama. Nikajiambia, si imesimama?

Shoferi wa jeep ile aliitwa Bahati. Alikuwa mume wa dada yangu mkubwa, Mapendo, na yeye njo aliyenishika mkono akanipeleka kwa Papa Ndoole nijifunze kazi. Jumapili ile baada ya misa aliingia ndani, akaenda mpaka mwisho wa soko, akarudi taratibu, akateremsha kioo.

"Shemeji, freni iko nguvu sana kukanyaga. Mbele haikukuwa hivi."

Watu walikuwa wamenizunguka, wazee na wasichana pia. Nikacheka. "Ni moteri ya wazee hiyo, Kaka. Utazoea."

Hakucheka. "Papa Ndoole ameiona?"

"Ameiona."

Neno moja tu, mwanangu. Ulimi hauna mfupa.

Siku ya tatu yake Bahati aliitwa Kalembe. Mama mmoja kutoka upande wa Kibua alikuwa amebebwa siku mbili kwa tipoyi, kitanda cha miti juu ya mabega ya wanaume, mtoto amekataa kutoka. Wakampandisha, na mume wake, na mama mkwe, na wabebaji wanne waliochoka. Gari ikajaa. Mvua ikashika njiani.

Mimi nilikuwa garaji. Nikasikia honi kutoka juu ya kilima, ndefu, haikatiki. Nikadhani Bahati anashangilia kwamba amefika na mgonjwa. Nikatabasamu, mwanangu. Mungu ananijua, nilitabasamu.

Chini ya mteremko ule, pembeni kabisa mwa barabara, kulikuwa na vile vibanda vya watu waliokimbia, na wanawake wanapika nje. Wabebaji walitueleza baadaye. Bahati alikanyaga pedali kwa miguu yote miwili, amesimama kabisa kwenye kiti. Akajaribu kurudisha gia, ikakataa. Akapiga honi, watu wa chini wakaanza kukimbia, lakini si wote. Hapo akapaza sauti, "Mushikilie mama!" akakata usukani kuelekea ukingo wa kilima, upande wake yeye.

Nilifika nikikimbia. Usukani ulikuwa umembana kifua. Alikuwa bado anapumua, macho yamefunguka, akaniona. Nilingoja aseme kitu. Akakata roho.

Mama wa Kibua aliendelea na safari yake juu ya mabega, mpaka hospitali. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Sasa tufike kwenye aibu yenyewe, maana hayo yote bado siyo mwisho. Kwenye matanga kuna mtu alisema shoferi alikuwa amekunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Maneno ya matanga yanaenda haraka kuliko moto wa majani makavu. Jioni kila mtu alikuwa na shahidi wake. Wanawake wakaanza kukaa mbali na mkeka wa dada yangu, na mmoja akasema kwa sauti kwamba mlevi ameua mtoto wa watu. Mimi nilikuwa pale pale, ninachanja kuni za msiba. Nikasikia. Nikaendelea kuchanja kuni.

Papa Ndoole alirudi siku ya nne ya matanga, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, pompa ameifunga ndani ya kitambaa kifuani. Hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye jeep iliyovunjika, akafungua kofia ya moteri. Kisha akanijia, kiganja wazi, buloni ndani yake.

"Nani alifunga hii?"

"Ni mimi, Papa."

"Bahati alikunywa?"

"Hapana, Papa."

"Dada yako anajua?"

Nikatikisa kichwa. Nilifikiri atanipiga, na nilitamani anipige. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mgonjwa: "Kosa la mukono linafanyika mara moja. Hii ya kunyamaza unaifanya tena kila asubuhi. Leo ni mara ine. Enda umuambie, mbele ya watu wale wale. Nitasimama nyuma yako."

Nikaenda. Nilisema yote nimesimama. Nilisema juu ya buloni, juu ya uongo wangu. Mapendo alinisikiliza bila kulia.

"Alikuambia freni iko mubaya?" akauliza.

"Aliniambia."

"Na wewe ulimujibu nini?"

"Nilimuambia atazoea."

Aliniangalia muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi. Halafu akaingia ndani, akakusanya nguo za watoto. Kesho yake asubuhi akahamia Kalembe, kwa wakwe zake. Waswahili wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma, wao wakala.

Papa Ndoole hakunifukuza. Alinirudisha kuosha vyuma kwa miaka miwili, bila kugusa ufunguo wa kukaza buloni. Na kila msimu wa kulima nilikwenda Kalembe, nikalima shamba la dada yangu, na ninakwenda mpaka leo, mgongo ukiniruhusu. Ananiacha nilime. Ananitolea maji kwa kikombe, kisha anarudi ndani. Jina langu hajalitaja tena.

Basi, mwanangu, moteri ipandikize, ni kazi halali. Lakini kabla ya kuondoa chuma, jiulize kilikuwa kinasaidia nini kingine ndani ya gari, maana gari ni kama nyumba ya watu wengi, ukimtoa mmoja unaweza kumuua aliye chumba cha pili. Usijaribu kazi yako kwenye tambarare. Ipakie mizigo, panda nayo mlima, na anayeteremka nayo wa kwanza awe wewe. Shoferi akikuambia kitu hakiko sawa, fungua tena, hata kijiji kizima kikikutazama. Sifa za soko haziwezi kumfufua mtu. Na ukikosa, sema kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako.

Mungu aipe mikono yako subira. Watu watakaopanda juu ya kazi yako wawakute watoto wao nyumbani. Na siku utakapokosa, maana utakosa, akupe miguu ya kwenda kusema jua lingali juu. Enda salama, mwanangu.