Kamisi Ndani ya Mtande

Nilipona ukame uliomaliza ng'ombe zetu zote Kulamawe, nikadhani aibu haiwezi kuniua tena. Mwenye makosa ni Halima Galgalo, namtaja wazi. Ndiye aliyetanda mtande, zile nyuzi za urefu za zulia langu, pale karakana ya akina mama Kiwanjani, mdomo wake ukienda mbio kuliko mkono. Pembeni nyuzi zilibana, katikati zikalegea kama tumbo la mbuzi mzee.

Mwalimu Naomi, anayetufundisha kufuma, alikuwa ameshaniambia, "Habiba, lingine likipinda, urudi nyumbani." Na siku hiyo mnunuzi wa Nairobi anakuja.

Dawa ya uzi uliolegea ni kusukumia kitambaa chini yake, kwenye gogo la nyuma linalozungushiwa nyuzi, mpaka ukaze. Nikamwomba Halima kitambaa.

"Abo!" akaguna. "Mimi ni duka?"

Basi nikaenda chooni, nikavua kamisi yangu, nikaisukumia humo. Nyuzi zikakaza sawasawa! Nikafuma huku najisifu, mjinga mimi.

Mnunuzi akafika, mzee mnene wa tai. Akapapasa zulia, akalipenda.

"Habiba, sogeza zulia mbele, mzee aone vizuri," Mwalimu akasema.

Nikafungua gogo, likazunguka, kamisi ikaanguka kwenye viatu vya mzee.

Nilikuwa nimeishona kwa gunia la unga wa msaada. Yale maandishi ya makalioni sikujua kuyasoma. Mzee aliiokota, akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Zawadi. Haiuzwi." Akamgeukia Mwalimu. "Sasa mbona mmeniita?"

Halima akajibu, hata hakuulizwa: "Hiyo ni kamisi ya Habiba, mzee. Linalouzwa ni zulia."