Access denied: siku mama mkwe wa Rama alipotuingiza kwenye server

Mkuu uliyeandika jana kwamba "access denied" maana yake umekosea password, basi, na sisi wa kujifundisha mtaani hatujui kitu, kaa hapo hapo. Sikutukani. Nakusimulia.

Wakuu wengine, habari zenu. Haya yalinikuta mwenyewe Singida mjini, enzi za monitor zenye mgongo. Nikiongeza chumvi niiteni mwongo humu humu.

Rama ni mshikaji wangu wa kufa na kuzikana. Alikuwa na stationery, mbele duka, nyuma anaishi. Akapata kazi ya kuwawekea kumbukumbu kwenye kompyuta kikundi cha wakulima wa alizeti toka Iguguno. Wao walitaka graduate wa Dodoma.

Rama akawaambia, "Nina jamaa yangu. Cheti hana, kichwa anacho."

Wakasema sawa, Jumatatu tunakuja kuona. Ikigoma, graduate anapanda basi.

Nikafunga server chumba cha nyuma, maana dukani vumbi linaua mashine. MySQL, ile programu ya kutunzia kumbukumbu, ikakaa safi. Password ya root, yaani admin mkuu, aliweka Rama, akaninong'oneza huku anacheka.

Ijumaa narudi, chumba kina mtu!

Mama mkwe wa Rama kaletwa toka Issuna, alianguka, mguu umefungwa hogo la plasta. Mke wa Rama kamlaza humo kwa sababu kuna utulivu, halafu yeye kawahi msiba Manyoni.

Nyie wa Dar mtauliza, si uingie tu? Mkwe hakanyagi chumba alicholala mama mkwe. Rama hawezi. Na mimi nilikuwa bestman wake, kwa hiyo kwa yule mama na mimi ni mkwe. Marufuku.

Nikasema poa, naingia kwa network, kompyuta ya dukani. Root, password, enter.

Access denied.

Tena. Denied.

"Rama, umebadilisha password!"

"Naapa sijagusa! Wewe ndio umeharibu!"

Tulitaka kuzichapa, mimi na mtu ambaye naweza kumkingia panga. Keyboard ile mpaka leo haina F5, ngumi yangu.

Jumamosi mchana ndio nikausoma ule ujumbe mpaka mwisho. Unamtaja root, halafu unataja anuani ya kompyuta ya dukani. Kumbe password haina kosa! Server mpya ile ilimkubali admin aliyekaa mbele ya mashine yenyewe tu. Ukigonga toka nje haikujui. Lazima mtu akae pale pale aiambie ikupokee.

Na mtu aliyepo pale ni mmoja.

Nikapiga hodi, nikaupa mlango mgongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe."

"Samahani mama, unaweza kubonyeza herufi kwenye hiyo kompyuta hapo kando ya kitanda?"

"Kubonyeza? Mimi nilikuwa typist wa shirika mpaka lilipobinafsishwa wakatupunguza. Sema upesi, usinisomee kama mtoto."

Wakuu, vidole kumi! Sijamaliza neno, anataka linalofuata.

Tukafika kwenye password. Nikamwangalia Rama. Rama kashika kichwa.

"Mama... andika mkwemkali. Bila nafasi."

"Mkwe mkali?" akarudia. Halafu ta-ta-ta.

"Imekubali. Hili neno kaweka nani?"

Rama jasho linamtoka. Mshikaji simwachi.

"Mimi mama. Nilikuwa namfikiria mkwe wangu."

"Na mkwe wako wewe ni nani, kama siyo mimi?"

Mimi ambaye humu mnaniita mdomo, nikakimbilia kazi.

Nikaendelea kumtajia amri ya kuiruhusu kompyuta ya dukani. Nayo mwishoni inataka password mpya ya kuingilia toka dukani.

"Hii nachagua mwenyewe," akasema. Akachapa. Hakututajia.

Jumatatu wageni wamejaa dukani, wananiangalia mimi admin. Nikaenda nikapiga goti mlangoni.

"Shikamoo mama, tunaomba kuingia."

"Marahaba. Andikeni shikamoomama. Bila nafasi."

Ikafunguka. Graduate hakupanda basi.

Nilichojifunza: kabla hujailaumu password, angalia unagonga toka wapi. Na ujumbe wa kosa usome mpaka nukta ya mwisho, siyo neno la kwanza unaanza kupiga keyboard ngumi.

Yaliyowakuta na nyie yawekeni hapa chini.

Ila wewe mkuu wa jana nijibu kwanza: hiyo password yako ya sasa hivi, unaweza kumtamkia mama mkwe wako?