Kigari Kilichorudi Kimefutwa Vumbi

Saa tisa mchana, jua likiwa bado kali juu ya mabati ya mtaa wa Buyenzi, fundi Abdu amechuchumaa nyuma ya karakana yake, mbele ya lundo la mawe. Juu ya mawe hayo kigari kidogo, kinachoenea kiganjani, kinapanda, kinasita, kisha kinabiringika na kulala chali. Magurudumu yanazidi kuzunguka hewani. Mwanamke aliyeshika telekomande, kile kidude cha kukiongozea kwa mbali, anauma mdomo.

"Tena, mama," Abdu anamwambia. "Usikikimbize. Mwenda pole hajikwai."

Abdu alikuwa fundi wa redio. Vita vilipoingia mjini Bujumbura mwaka 1993, watu waliacha kutengenezesha redio, wakawa wanaziuza. Tumbo halijui vita. Akaanza kuunda vigari vya kupanda mawe: mota za redio kaseti mbovu, bodi la kopo la maziwa, magurudumu ya kandambili zilizochakaa, na telekomande za midoli iliyokuja ndani ya marobota ya mitumba.

Wateja wake ni wenye maduka wa mtaa wa kitajiri wa Rohero, ambao watoto wao wamekatazwa kutoka nje ya ua. Kigari kimoja kikiuzwa, nyumba yake inakula wiki nzima. Kisipouzwa, "tunakunywa chai na hadithi," anasema huku akicheka.

Kila mgeni wa vigari humuuliza swali lile lile: achukue kikubwa au kidogo? Jibu analo mdomoni.

"Mutu mwenye anaanza, nampa kubwa. Kubwa iko na uzito, inashika jiwe, inasamehe mukono wenye kutetemeka. Ndogo iko bei rahisi, lakini kila kokoto kwake ni mulima."

Mwanamke huyu, Léoncie, alipofika mwezi uliopita hakuuliza hivyo. Aliuliza: "Fundi, ni ipi inaweza kuingia mu nyumba na kutoka?"

Nyumba yenyewe ni yake, iko mtaa wa Cibitoke, kaskazini mwa mji. Mwaka 1995, risasi zilipoanza kulia, alikimbia na majirani. Mumewe, Révérien, alibaki nyuma kufunga milango, akasema anakuja. Hakuja. Miaka miwili sasa, hakuna aliyemwona akiwa hai, wala aliyeiona maiti yake.

Kichochoro kinachotoka barabarani hadi mlangoni pake hakiingiwi. Inasemekana wapiganaji waliopita pale walifunga mabomu ya mkono kwenye milango, na mbwa aliyesukuma lango la jirani aliokotwa vipande vipande. Lakini wanawake wanaopita barabarani wakienda kuteka maji wamemletea Léoncie habari ya kuogofya kuliko mabomu: kizingiti cha nyumba yake kinafagiliwa.

Ukoo wa Révérien umechoka kungoja. Unataka kuganduka, yaani sherehe ya kumaliza matanga, ili mjane avue msiba, vitu vya marehemu vigawanywe na jina lake lipumzike. Jumamosi hii ndiyo siku waliyoipanga. Léoncie hataki.

"Nitaganduka namna gani mutu mwenye sijazika?" anauliza. "Na kama anasikia tunamulilia, atatuona aje?"

Basi mwezi uliopita wakaenda, wawili hao, mchana kweupe. Askari wa kizuizi cha njiani aliwaruhusu kwa sharti wasitoke barabarani. Léoncie alichagua kigari kikubwa, kama mwanafunzi mtiifu, na Abdu akakifunga balbu ya tochi mbele. Kikaingia kwa tundu lililo chini ya mlango, kikapanda matofali yaliyoanguka, polepole, bila kuyumba.

Kwa dirisha lililovunjika waliuona mwanga ukitambaa ndani. Sakafu haikuwa na vumbi. Kigoda kilisimama mahali pake. Mkeka ulikuwa umekunjwa na kuegemezwa ukutani.

Mwanga ukakata kona kuelekea chumbani, ukapotea. Walisikia mota ikinguruma kidogo, kisha ikanyamaza. Abdu anajua betri inavyokufa. Hufifia kidogo kidogo. Hii ilinyamaza ghafla.

"Kama mutu amefunga swichi," anasema. "Mi ni Muislamu, dua yangu naijua. Lakini siku ile nilianza dua nikasahau katikati."

Léoncie aliita jina la mumewe mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyeitika.

Walirudi baada ya wiki. Kigari kilikuwa nje, kichochoro kinapokutana na barabara, swichi imezimwa. Kilikuwa kimefutwa vumbi hadi katikati ya magurudumu, nacho kilitazama barabarani. Léoncie alipiga magoti pale pale njiani. Révérien, anasema, hakuwahi kulaza baiskeli yake bila kuigeuza ielekee njia. Kila jioni aliigeuza, na kila jioni mkewe alimcheka.

"Mwizi angetoa mota," Abdu anasema.

Leo kigari kikubwa kiko rafuni. Mfanyabiashara mmoja wa Rohero alikitaka, akakataliwa, ingawa karakana haijauza kitu tangu mwezi uanze. Abdu anataka amalize kwanza kazi ya huyu mama, halafu arudie redio, vita vikiisha.

Kesho, Ijumaa, watakwenda tena, na safari hii watatuma kile kidogo, kikiwa kimefungwa kifurushi cha sukari mgongoni. Kikirudi bila sukari, Jumamosi Léoncie atawaambia wakwe zake warudishe pombe yao ya sherehe mtungini. Kisiporudi, au kikirudi nayo, amekubali kukaa kwenye mkeka wa matanga.

Lakini kidogo bado kinampindukia kila mara, na mwalimu wake mwenyewe humpa mwanafunzi kikubwa. Kwa nini basi amekichagua?

Léoncie anakiokota kutoka kwenye mawe, anakipangusa kwa ncha ya kitenge chake.

"Siku ile kulikuwa mustari mu udongo, kutoka mulangoni mpaka pale gari iliwekwa," anasema. "Unakwenda, unasimama, unakwenda tena. Ile kubwa aliikokota, fundi ameona. Hii iko nyepesi. Hii ataweza kuibeba."