Jirani Ambaye Hakuitikia Mwano

Siku nepi zote za mwanangu zilipoibwa kambani, mchana kweupe, uvumilivu uliniisha. Nilisimama uani nikapiga mwano. Mwano ni yowe letu la hatari: ukilisikia unaacha jembe, unaacha chungu motoni, unakimbilia. Asiyetoka ana lake jambo.

Pale Ushirombo walitoka wote, wanaume na marungu, hata bibi wa nyumba ya tatu na mwiko wake. Mlango mmoja tu haukufunguka, wa jirani zangu wakimbizi kutoka Burundi, mke, mume na mtoto. Tangu wafike, kila kuku aliyepotea tulisema wamemla wao. Kuku walipotea hata kabla yao, nakumbuka vizuri, ila wakati ule tulisema ni kicheche.

"Wezi si hao hapo!" nilifoka. "Mbona wamejifungia?"

"Wanatafuna nepi!" mmoja akatania, watu wakacheka. Wakausukuma mlango ukang'oka.

Mume alikuwa kibaruani, shamba la pamba. Mke tulimkuta uvunguni, amemziba mwanawe mdomo kwa kiganja. Mtoto wa rika la wangu, macho yamemtoka. Nepi hazikuwemo. Hamkuwa na kitu mle zaidi ya kitanda na sufuria.

Balozi wetu wa nyumba kumi akamwuliza kwa upole mbona hakutoka.

"Shikamoo baba," alianza, bado yuko chini. "Kwetu watu wakipiga kelele hivyo, askari wameshafika. Anayetoka anauawa."

Hakuna aliyecheka tena. Nami nilielewa. Aibu yangu ndiyo hiyo, nilielewa palepale. Lakini wote walinigeukia mimi niliyewaita, na hasira ilikuwa bado imenikaba.

"Baba, andika malalamiko," nikamwambia balozi.

"Ya nini, mwanangu? Umeona wizi wapi? Yakifika ofisini, hawa watahamishiwa kambini."

"Basi nitaandika mwenyewe."

Kidato cha nne nilikimaliza. Barua ilinishinda nini? Niliiandika kwa mwandiko safi, nikambeba mwanangu mgongoni, nikaipeleka ofisi ya kijiji:

"Mimi, mkazi wa kijiji hiki, nalalamika kwamba jirani yangu mkimbizi hakuitikia mwano uliopigwa mchana wa leo, ilhali alikuwemo nyumbani. Alipoulizwa sababu, hakuwa nayo. Naomba yeye na watu wake waondolewe."