Aliyesimama Nyuma ya Shamsi

Asila binti Zahran alizaliwa Malindi, Mjini Unguja, na mwaka 1985, usichana haujamtoka, aliajiriwa kuwa opereta wa simu. Kazi yake ilikuwa kuvaa spika za masikioni, kuchomeka waya na kuwaunganisha watu. Watu wa shamba walitoka makwao alfajiri, wakakaa kwenye benchi la posta mpaka waitwe majina, maana huko kwao hakukuwa na simu.

Mara mojamoja simu ya ng'ambo hupokelewa na asiseme mtu. Hapo Asila husikia kitu kama pumzi inayovutwa ndani ya mtungi. Wenzake walimwambia ni upepo wa laini. Hakuwabishia, lakini alizowea kusoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo kabla ya kuchomoa waya.

Miongoni mwa watu wa benchi alikuwamo Bi Mwamvua wa Chwaka. Mwanawe Jaku alikwenda Maskati kufanya kazi ya ujenzi pamoja na rafiki yake Shamsi. Barua zilikuja mwaka wa kwanza, kisha zikakatika. Bi Mwamvua akawa anakuja Mjini kuipiga namba aliyoachiwa. Mara zote ililia tu. Siku moja ikanyanyuliwa.

"Jaku?" Bi Mwamvua aliita. "Jaku mwanangu, ndiye wewe?"

Ikasikika pumzi ile, kisha simu ikakatwa. Bi Mwamvua aliurudisha mkono wa simu taratibu, kama anamlaza mtoto, akaenda zake. Hakuja tena.

Miaka ikapita. Asila aliolewa na Ayoub, mtu wa Chwaka, akahamia huko. Mwaka 2008 mnara wa simu ukasimamishwa nyuma ya minazi, na mwaka uliofuata mtandao wa kasi ukafika. Asila alinunua kompyuta iliyokwishatumika na modem, kidude cha ukubwa wa kidole kinachochomekwa ubavuni, akafungua chumba cha mbele cha nyumba yake. Vijana walituma maombi ya kazi katika mahoteli ya Kiwengwa. Wanawake wanaolima mwani waliulizia bei za nje. Yeye mwenyewe alistaajabu: kazi aliyoifanya kwa ukuta mzima wa waya sasa inafanywa na kitu kinachoingia kwenye pochi.

Asubuhi moja akaja Bi Mwamvua, mzee sasa, anatembea kwa kushika kuta.

"Asila mwanangu, hicho kidude chako kinafika Maskati?"

"Kinafika, Bi Mwamvua. Na sura mnaonana."

"Basi nitafutie Shamsi."

Jamaa zake Asila walioko Maskati walimtafuta mpaka wakampata. Shamsi alikataa mara kadhaa, mwisho akakubali. Wakaahidiana Ijumaa, baada ya sala. Jua lilikuwa la utosi, kijiji kimya, hata kuku wamejificha kivulini. Asila alimkalisha Bi Mwamvua mbele ya kompyuta, akapiga.

Shamsi alitokea kwenye kioo akiwa na ndevu nyeupe tupu. Alikuwa ameketi kwenye chumba kidogo, nyuma yake mlango ulio wazi na ukumbi wenye giza. Aliuliza hali, akauliza habari za Chwaka, akazungukazunguka. Bi Mwamvua hakuwa akimtizama yeye.

"Mbona kasimama mlangoni?" alisema. "Mwambie akae."

"Nani, mama?"

"Jaku. Si huyo nyuma yako?"

Shamsi aligeuka, kisha akarudi kuikabili kamera. "Nipo peke yangu humu, mama."

Asila aliinama kutizama. Mlangoni palikuwa na mtu amejiegemeza, shati jeupe, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia.

"Lile bega alianguka mnazini," Bi Mwamvua alinong'ona. "Lakini mbona hajazeeka?"

Kweli, alikuwa kijana mbichi. Asila alitaka kusema ni kivuli, na hapo hapo mtandao ukalegea, picha ikaganda. Shamsi akakwama mdomo wazi, mkono juu, hapepesi jicho. Sauti ikafa. Kila kitu kwenye kioo kilisimama isipokuwa yule wa mlangoni. Yeye alihamisha uzito wake kutoka mguu mmoja hadi mwengine, kama mtu aliyechoka kungoja.

Asila hakuweza kuinua mkono wala kukumbuka aya.

Picha iliporejea, mlango ulikuwa mtupu na Shamsi analia.

"Alifariki humu, mama. Chumba hiki hiki. Homa ilimshika, hata mwaka wa pili haujesha. Nlimzika mwenyewe. Siku ile ulipopiga, mimi ndiye niliyenyanyua. Nikakusikia unamwita, ulimi ukawa mzito."

Bi Mwamvua aliweka mikono mapajani. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. "Alikuwa anangoja useme."

Khitma ilisomwa msikitini wiki ile, kijiji kizima kikahudhuria. Asila alikifunga chumba kwa siku kadhaa, akamsimulia Ayoub, naye Ayoub akamshauri auze ile kompyuta. Hakuuza. Watu walikuwa wanagonga mlango, mwenye mtoto Dar, mwenye mume Mombasa, na yeye maisha yake yote hakujua kazi nyengine ila hiyo.

Mwezi wa Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani, Bi Mwamvua akarudi. "Nipigie tena kwa Shamsi."

Asila alipiga, roho juu. Shamsi alikuwa keshahama nyumba ile. Nyuma yake sasa palikuwa na ukuta mweupe mtupu, hauna mlango wala dirisha.

"Shikamoo, mama," alisema Shamsi.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Bi Mwamvua aliusogelea ukuta ule kwenye kioo, akatabasamu polepole.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Shamsi aliduwaa. "Bi Asila," aliuliza kwa sauti ndogo, "anamjibu nani?"

Asila aliutizama ukuta kwa muda mrefu. Hakuona kitu. Lakini katika spika, chini kabisa ya sauti ya Shamsi, palikuwa na pumzi ya pili.