Petroli Haikuibwa

Jamani, nimemsingizia ndugu yangu wizi.

Gari langu kuukuu linamaliza petroli upesi mno, nalo hulala uani kwa mdogo wangu Kahindi. Nikamwambia, mbele ya mkewe, kuwa anaifyonza petroli kwa mpira. Tangu hapo hatusemezani.

Leo nimelipeleka kwa fundi hapa Malindi. Hata boneti hakufungua! Alisogeza kiganja karibu na kila gurudumu, kisha akaniita.

"Dada, hili lawaka moto. Breki imeshika, haiachii. Injini yavuta, breki yazuia, petroli yaisha bure."

Mwezi mzima naendesha hivyo, sikuhisi kitu. Nimekuwaje mimi?

Nimempigia Kahindi pale pale.

"Shikamoo dada," akasema, kama kawaida yake.

Nikakata simu.

Sasa naanzia wapi? Niambieni.