Mwanaume Alimuita Odette "Bibi Yangu," na Odette Akaitika

Mwanaume mwengine alimuita bibi yangu "bibi yangu" mbele ya sale nzima ya parokia, ukumbi umejaa watu, mimi nimekaa pale pale pembeni yake.

Na bibi yangu akaitika.

Sikusimuliwa. Niliona kwa macho yangu, hapa hapa Kindu.

Mimi Kalume, fundi wa pikipiki, komini ya Mikelenge. Bibi yangu wa ndoa ni Odette, muuza mchele sokoni. Watoto wetu sasa wakubwa.

Mambo ilianza parokiani. Walitangaza wanarudisha mchezo wa zamani, "Nyumba Mbili, Mulango Moja." Ni mchezo wa nyimbo juu ya bwana na bibi: wanapendana, wanagombana, wanaachana, wanarudiana. Ulichezwa wakati wa vita, Kindu imefungwa, treni haitembei, chumvi inauzwa kwa kijiko.

Mimi sikuuona. Vita ilinikuta Kalima nachimba kasiterite, yale mawe ya bati, njia ikafungwa, nikarudi ilipoisha. Odette nilimuoa baadaye.

Nilijua Odette alicheza ndani ya ule mchezo. Aliniambia mara moja tu: "Niliimba kidogo kule parokiani."

Kidogo.

Siku ya mchezo akatoa liputa ya waksi, kitenge ile aliyokataa kuvaa kwenye ndoa ya binamu yangu eti bado ni mupya. Akajipaka marashi.

Nikamuuliza, "Tunaenda kutazama, ao tunaenda kuoa?"

Akacheka bila kunitazama.

Sale ilijaa mpaka madirishani. Wachezaji wote walikuwa vijana, isipokuwa mumoja. Djo. Njo yeye aliyecheza bwana zamani, na wamemurudishia nafasi yake. Kichwa chote mvi, lakini sauti yake, wapenzi, inaingia mpaka kwenye mifupa.

Nilimuchukia toka wimbo wa kwanza.

Nikageuka kumutazama Odette. Midomo yake ilikuwa inatembea. Anajua kila neno: ya bibi, ya bwana, hata ya mama mukwe. Nyumbani kwangu miaka yote hii ananiimbia nyimbo za misa tu.

Ikafika sehemu ya ndoa. Djo akamuacha yule binti aliyecheza bibi, akashuka jukwaani, akaja mpaka kwenye safu yetu. Akanyoosha mukono.

"Odette, bibi yangu, simama watu wakuone."

"Niko hapa, bwana yangu."

Akasimama. Wakaimba wote wawili, mukono ndani ya mukono, mbele ya magoti yangu.

Vijana wakapiga makofi. Wazee walikuwa wanalia. Mama mumoja nyuma yangu akasema, "Bwana na bibi wa vita. Mungu awalinde."

Bwana na bibi wa vita. Mimi sasa nilikuwa nani?

Mchezo ulipoisha Djo akaja kunisalimia. "Papa Kalume, asante kwa kutuazima bibi yako." Nilimuminya mukono kwa nguvu yangu yote ya kufungua injini. Akatabasamu tu. Na Odette akamutengenezea kola ya shati, vile unavyomutengenezea muntu wa nyumba yako.

Tulifika nyumbani. Akaniwekea chakula. Sikukigusa.

"Djo ni nani kwako?"

"Ni muntu wa mchezo."

"Odette."

Akakaa chini. "Wakati wa vita nilikaa kwao, Alunguli, ngambo ya mto. Miezi mingi. Watu walituhesabu bwana na bibi."

Nikasukuma sahani.

"Na hukuniambia."

"Kalume, mimi nikisema nililala kwao, wewe utasikia neno moja tu: nililala. Vuka mto kesho, umuulize Naomie, bibi ya Djo. Akikuambia uniache, uniache."

Asubuhi nikavuka Lualaba. Sikwenda kuuliza kitu. Nilikwenda kumupiga Djo, niwe mukweli.

Djo hakuwa nyumbani, alikuwa shambani. Nilimukuta mama mumoja mwembamba anamenya ndizi uwanjani.

"Wewe ni Kalume," akasema. Akanisogezea kiti. "Umekawia kuja."

"Mama Naomie, bwana yako na bibi yangu..."

"Kaa kwanza."

Nikakaa. Akaendelea kumenya.

"Ule wakati Odette njo alicheza bibi, na kulikuwa komanda mumoja wa askari. Kila mchezo yeye safu ya mbele, na bunduki magotini. Anamutazama Odette tu. Siku moja, katikati ya ile sehemu ya ndoa, akasimama. Akasema, huyu binti leo anarudi na mimi. Watu wake tayari walikuwa mulangoni."

Kisu chake kikasimama.

"Djo akamushika Odette mukono. Akasema, komanda, samahani, huyu ni bibi yangu, hata nje ya mchezo. Komanda akacheka. Akatugeukia sisi: nani hapa aliona hiyo ndoa?"

"Mulisema nini?"

"Hakuna aliyesema. Wote walinitazama mimi."

"Wewe, kwa nini?"

"Sababu Djo alikuwa wangu. Mahari ilikuwa imetolewa, sale nzima ilijua. Ningelia tu, ao ningeondoka, uongo ungekufa pale pale."

Nikamusogezea beseni ya ndizi.

"Nikainua mukono," akasema. "Nikasema, mimi niliona. Mimi njo nilimushikia bibi arusi maua. Hapo padri akasimama akasema ni yeye aliwafungisha. Hata papa Ayoubu, mwislamu, akaapa alikula mbuzi wa ile ndoa. Mikono ikapanda sale nzima."

Komanda hakusadiki sana. Watu wake walikuwa wanapita kuchungulia nyumba ya kina Djo, kwa hiyo Odette akakaa pale mpaka komanda akahamishwa. Alilala kitanda kimoja na mama ya Djo. Na Naomie, akipita njiani, alikuwa anamusalimia kwa sauti, majirani wasikie: "Jambo, bibi ya Djo."

"Hukuona wivu?" nikauliza.

"Nilikonda, Kalume. Nilijua analala na mama mukwe wangu, lakini wivu haina masikio. Wengine walinicheka, wasiojua. Nikaenda hivyo hivyo, kila siku, jambo bibi ya Djo."

"Na kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Kwanza tulinyamaza kwa woga. Halafu tukaona ni neno la Odette mwenyewe kukuambia, si la soko."

Akanifungia ndizi kwenye majani, nimupelekee Odette.

Nilimukuta sokoni anapima mchele. Njia nzima nilitafuta neno. Nikapata hili tu:

"Ile siku ya komanda, uliogopa sana?"

Mukono wake ukabaki juu ya kopo. Muteja akangoja.

"Toka vita," akasema, "hakuna aliyeniuliza hilo."

Akalia pale pale, mbele ya wateja. Nikashika kopo, nikapima mchele mimi.

Sitawadanganya, wivu haijaisha. Nikisikia Djo anaimba, bado natafuta sababu ya kutoka inje. Lakini nikifikiri Naomie katika ile sale, macho yote juu yake, ninaona haya kuita wivu yangu mateso.

Wewe unayesoma, kama bibi ao bwana yako alipita vita bila wewe, usianze kuuliza alilala kwa nani. Uliza kwanza ilikuwa namna gani akabaki muzima. Na uliza nani alilipia.